Alikolala Denis

Mkienda nyumbani kwa kijana aliyewekwa chini ya uangalizi wenu, msianze na baba yake. Najua ndivyo mnavyofundishwa: mwenye boma kwanza, mkono, jina, ofisi niliyotoka ni fulani. Msalimieni, sawa, sisemi mpite kama mbuzi. Lakini ukishamaliza chai ya baba, inuka uende jikoni kwa nyanya. Ukifika huko usitake kiti. Chukua kigoda, jivutie ungo, uanze kuchambua managu. Mtu haulizwi sana akiwa na mboga mikononi, na mwenyeji naye husahau kwamba wewe ni wa serikali.

Nimefanya kazi ya probesheni Kisii na Nyamira tangu nikiwa msichana wa sketi ya marinda hadi siku waliyonikatia keki na kunipa saa ya ukutani, niende nyumbani nikapumzike. Saa ilisimama mwaka uleule. Mimi sijapumzika. Juzi vijana wawili walioajiriwa majuzi walikuja kwangu na simu zao kubwa, wakaketi sebuleni, wakasema, "Madam, tupe mbinu zako." Nikawaambia sina mbinu, nina hofu tu, hofu iliyokomaa. Walicheka. Nikaona afadhali niandike, kwa sababu sikuwa nachekesha.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Kijana amekosa, mahakama imemwona ana hatia, lakini hakimu anaona jela itamharibu zaidi. Kabla ya kuamua anamtuma afisa wa probesheni aende kwao akachunguze: anaishi vipi, wazazi wakoje, na majirani wako tayari kumpokea au la. Ukirudi ukasema anafaa kurudi, anarudi, kwa masharti, na wewe ndiye unayemwangalia. Watu hudhani jela ndiyo jambo la kuogofya. Jela ina ukuta na mlinzi. Kijana aliye nyumbani ana nini? Ana majirani. Mimi nililala vizuri kwa wale waliokuwa ndani, na nikakosa usingizi kwa wale niliowarudisha kwao.

Aliyenifunza ni Mzee Makori, marehemu sasa, mtu mfupi mwenye koti la mvua alilovaa hata kwenye jua. Wiki yangu ya kwanza alinitazama miguu akasema, "Hivyo viatu vya kuchuchumia unampelekea nani?" Tulikuwa tunapanda mlima wa matope kwenda kwa mama mmoja mchuma chai. Nilifika nikiwa nimevibeba mkononi, na yule mama alicheka mpaka akanipenda, akaniambia mambo ambayo faili lisingepata kamwe. Mzee Makori hakunipongeza. Alisema tu kwamba kesho nisijaribu tena, kwani mara ya pili ingekuwa maigizo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuhusu majirani. Alisema jirani anayekufokea, anayesema kijana wako ni mwizi, mbwa, alinivunjia dirisha, mpeleke mbali, huyo kaa naye. Mpe muda amalize. Mtu anayefoka mbele ya afisa anataka kusikilizwa, na akishasikilizwa huanza kupungua. Lakini yule anayekubali upesi, anayesema "arudi tu, hapana shida" kabla hujamaliza swali, huyo mwogope. Niliona Mzee anatia chumvi. Baadaye nikamkuta Ondieki.

Ondieki alikuwa na duka la rejareja huku kwetu ndani ya Nyamira, mbele kidogo ya Nyaramba, mahali ambapo barabara inapita katikati ya mashamba ya chai na migomba. Duka lake lilivunjwa. Waliovunja walikuwa vijana wakubwa wawili watatu, na pamoja nao wadogo wawili wa kuchunga njia: Denis na rafiki yake Brian. Kelele zilipopigwa wakubwa walikimbia na mali, wakajua pa kwenda. Wadogo hawakujua. Denis alikimbilia kambi ya polisi, akaingia kama mtu anayeingia kwake. Brian hakufika. Umati ulimpata kwenye njia ya ng'ombe, na sitawaeleza zaidi ya hapo, kwani mama yake angali hai na huenda akayasoma haya.

Basi Denis alikuwa mkononi mwangu. Alikuwa na umri wa kupewa kitambulisho, ameacha shule kidato cha pili, mrefu, mabega yameinama. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Alilelewa na baba yake, Zablon, mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa tai hata siku ya kwenda kupalilia, na nyanya yake, mama yake Zablon, ambaye wote tulimwita Magokoro, yaani nyanya tu.

Nilizunguka kwa majirani kuuliza kama wangempokea. Wengi walinitukania yule kijana nikafurahi. Nilipofika dukani, Ondieki alikuwa anapima sukari. Nikaanza kueleza. Hakuinua macho.

"Arudi tu, Madam," akasema. "Kwao ni kwao. Sisi tunamngoja."

Akafunga ile sukari vizuri, akampa mteja. Nilitoka pale nikimkumbuka Mzee Makori. Niliandika kwenye ripoti kwamba jamii ilikuwa na hasira na kwamba kijana angehitaji uangalizi wa karibu. Hakimu alikubali arudi, na akaweka sharti ambalo sote tuliliona la busara: kila jioni kabla ya giza Denis awe ndani ya nyumba yake, na baba yake ahakikishe yumo.

Hapo ninyi mliotoka mbali na Gusii lazima niwaeleze kitu, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Mtoto wa kiume kwetu akishatahiriwa na kukua, halali tena nyumba moja na wazazi. Anajengewa kibanda chake pembeni ya boma, tunakiita esaiga. Na kati ya baba na mwanawe aliyetahiriwa kuna heshima nzito, kuna mambo hayasemwi na milango haivukwi. Baba wa kufuata mila haingii esaiga ya mwanawe, hata kukinyesha mawe. Zablon alikuwa mtu wa Biblia, lakini katika hili alikuwa Mgusii kabisa. Mahakama ilimwambia ahakikishe mwanawe yumo ndani ya nyumba ambayo yeye hawezi kutia mguu.

Anayeweza kuingia ni nyanya. Kati ya nyanya na mjukuu hakuna aibu hata kidogo, kuna matani tu. Magokoro alimwita Denis mume wake, akamlalamikia mbele ya watu kwamba hamletei nyama, akamtishia kwamba ataolewa na mwingine mwenye meno mazuri. Denis ambaye kwangu alijibu "ndiyo Madam, hapana Madam", kwa nyanya yake alikuwa mcheshi. Ndiyo maana nasema mwende jikoni. Anayejua alivyoamka kijana ni nyanya. Shida ni kwamba anajua kwa sababu hasemi.

Ngoja niseme kidogo kuhusu simu, maana najua mtaniuliza. Zamani tulikuwa tunakwenda kwa miguu, sasa mnapiga simu. Unampigia kijana, anakuambia, "Niko home, Madam, nakata nyasi ya ng'ombe," na nyuma yake unasikia makanga wa matatu anaita Kisii, Kisii, mmoja wa kuondoka. Usigombane naye. Mwambie tu, "Vizuri, mpe nyanya simu nimsalimie." Ukimya utakaousikia hapo unatosha ripoti nzima. Kwa Denis niliitumia mbinu hiyo mara nyingi, na kila mara Magokoro alichukua simu na kuniuliza kama mume wangu amejifunza kupika. Nikawa nakata simu nikicheka, na moyo ukitulia kwa muda wa kumenya ndizi moja.

Usiku ulikuwa jambo jingine. Simu yangu ikilia mapema alfajiri, kabla sijaiangalia nilikuwa nimeshamzika Denis.

Iliyolia alfajiri moja haikuwa ya msiba. Ilikuwa ya mzee wa kijiji. Akaniambia ng'ombe wa mtu alikuwa ameibwa ng'ambo ya mto, kwa hiyo yeye na vijana wa doria walipita kuangalia wale wote wanaojulikana kwa wizi. Walifika kwa Zablon jioni iliyotangulia. Wakamkuta ameketi nje, karibu na kibanda cha Denis. Wakamuuliza kijana yuko wapi. Zablon akasema yumo ndani, amelala. Mzee wa kijiji, ambaye si babake na mila haimzuii, akasukuma mlango.

"Hakuna mtu, Madam. Kuku ndio amelala kwa kitanda. Anaatamia mayai."

Nikauliza mayai yalikuwa mangapi, sijui kwa nini. Ukishtuka mdomo unajitafutia kazi.

"Mimi siwezi zuia watu tena," akasema. "Na huyo baba yake, mzee wa kanisa, anatudanganya macho kavu. Mpeleke kortini kabla hawa vijana hawajampata."

Nililitazama jambo lile kwa kila upande na kila upande ulikuwa mbaya. Amevunja sharti, nikilipeleka mahakamani, atafungwa. Nisipolipeleka, mwingine akiibiwa hata kuku, watasema ni Denis, kwani analala wapi? Na Ondieki bado alikuwa anapima sukari kwa utulivu wake ule. Nilivaa viatu bapa nikaenda.

Kwanza nilikwenda kwenye esaiga. Kuku alikuwepo kweli, wa rangi ya kijivu, amejitanua katikati ya godoro, akanitazama kama vile mimi ndiye sina mahali pa kulala. Kuku haatamii kitandani pa mtu anayelala hapo. Alikuwa amehamia kitambo. Zablon alikuwa amesimama mbali na mlango, tai shingoni, hakuthubutu hata kuchungulia.

"Nilikuwa najua yumo," akasema. "Nikimwita akinyamaza, nasema ni adabu."

Sikutaka kumwongezea. Nikaenda jikoni. Magokoro alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, ameuziba mlango wote kwa mwili wake. Nikatafuta ungo, haukuwepo. Nikangoja nikaribishwe ndani nipewe uji. Sikukaribishwa. Tangu nianze kwenda kwao sikuwahi kuketishwa nje na Magokoro, hata siku za kuanika mtama. Nikajua.

Niliketi chini kando yake, nikamwambia wazi kwamba sina budi kulipeleka jambo hili, Denis ataitwa kortini Jumatatu, na kwamba nisiposema alikokuwa akilala, atapelekwa jela. Hakufanya matani. Alikuna goti. Halafu akainuka kwa shida, akaniachia njia.

Nyuma ya chombo cha kuhifadhia wimbi, karibu na mafiga, palikuwa na gunia limetandikwa, blanketi limekunjwa vizuri sana, na viatu vya Denis, vile virefu, vimepangwa pamoja kama vya mtoto wa bweni.

Hapa tena niwaeleze ninyi wageni. Wanaolala jikoni kwa nyanya ni wadogo, wavulana ambao hawajatahiriwa. Sisi tunamwita mvulana wa namna hiyo omoisia, na kumwita mwanamume aliyetahiriwa jina hilo ni tusi ambalo watu hupigania mpaka damu. Denis alikuwa ameacha kibanda chake cha kiume akarudi kulala kando ya mafiga ya nyanya yake. Hakwenda kuiba. Hakwenda kwa wasichana. Kila giza likikaribia alijificha humo, na nyanya yake akakaa mlangoni.

"Alikuja siku ya kwanza tu aliporudi," Magokoro akaniambia kwa Ekegusii, sauti ya chini. "Akasema, nyanya, kila mtu anajua nyumba yangu ni ile, na anajua saa ambayo nimeambiwa niwe ndani. Wakija wananipata tu."

Sharti letu zuri lile, tuliloliona la busara sisi sote pamoja na hakimu, lilikuwa limemwambia kila mwenye panga mahali pa kumpata yule kijana na saa ya kwenda.

"Nitamwambia hakimu," nikasema.

Magokoro alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu kuliko nilivyodhani. "Ukisema mbele ya babake, mbele ya hao, umemmaliza. Ataishije? Ataoa wapi? Watoto watamwimbia njiani."

Nikamtafuta Denis mwenyewe. Alikuwa shambani, juu ya mfereji, anajifanya anakata majani ya ndizi. Nilimwambia nimeona gunia. Panga lilisimama hewani.

"Madam, usiseme," akasema. "Please."

"Wakikufunga je?"

"Wanifunge. Jela nitakaa na nitatoka. Hiyo ingine haitoki." Akakata jani moja, akaliacha lianguke. "Hao wasee wananimark, wananivizia, Madam. Ondieki ananisalimia kila siku. Kila siku! Anauliza nyanya ako aje, baba ako aje. Brian hawakumsalimia."

Nilitamani kumkumbatia lakini hatukumbatii wateja, na pia alikuwa na panga. Nilimwambia siri ni yake, sitaisema bila yeye kukubali. Nilimwomba akubali. Hakukubali.

Hiyo wikendi niliipitia vibaya. Niliunguza githeri, nikamjibu mchungaji vibaya. Ninyi mtafundishwa kwamba mteja ana haki ya siri zake, na mtaandika hivyo kwenye mtihani mtapita. Hawatawaambia jinsi inavyokaa kooni. Nilikuwa na neno moja la kumwokoa kijana, na mwenye neno alikuwa amenikataza.

Jumatatu mahakama ilijaa kuliko kawaida. Mzee wa kijiji alikuja na vijana wake wa doria. Ondieki alikuja, amevaa shati safi, akaketi safu ya nyuma. Magokoro alikaa mbele, mwavuli magotini ingawa hapakuwa na dalili ya mvua. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, anayesoma kila kitu mara mbili. Aliniuliza kama najua kijana alikuwa akilala wapi. Nikasema najua, ni mahali salama, na hakufanya kosa lolote huko.

"Mahali gani?"

"Mheshimiwa, naomba nisiseme."

Alinitazama juu ya miwani. Nilihisi kazi yangu yote inasimama kwa mguu mmoja. Akaniacha kwanza, akamgeukia Zablon. Akamuuliza kama ni kweli alimwambia mzee wa kijiji kwamba kijana yumo.

"Ni kweli."

"Ulimwona?"

"Hapana. Siwezi kuingia hapo."

"Sasa ulijuaje yumo?"

Zablon alishika tai yake. Nilimjua mtu huyo kwa muda, sikuwahi kumwona akitafuta maneno. "Nilikuwa nakaa nje ya mlango wake," akasema. "Tangu aliporudi. Nikasema wakija, wapite kwangu kwanza. Nina tochi na panga. Watu wakiniuliza, nawaambia ng'ombe yangu inakaribia kuzaa."

Watu wa nyuma wakaguna. Ng'ombe wa Zablon, kila mtu alimjua, alikuwa mzee wa kuuzwa nyama.

Nikamwangalia Denis kizimbani. Alikuwa amemgeukia babake na kinywa kimemfunguka kidogo. Hakuwa amejua. Baba amekesha akilinda kibanda kitupu, na mwana yuko hatua chache tu, amejikunja nyuma ya wimbi, na kila mmoja anadhani hofu ni yake peke yake. Nimeona familia nyingi zikigawana kila kitu, shamba, ada, hata dawa ya kikohozi. Hofu walikuwa wanafichana.

"Mheshimiwa," Denis akasema bila kuulizwa. Askari alitaka kumnyamazisha, hakimu akainua mkono. "Nilikuwa nalala kwa nyanya. Kwa jikoni." Akamgeukia hakimu. "Naogopa. Naogopa kuuawa kama Brian."

Kuna mmoja alicheka nyuma, kicheko kifupi cha pua. Hakuna aliyemfuata. Zablon alikuwa ameinamisha kichwa na mabega yake yalikuwa yanatikisika, mzee wa kanisa, mbele ya kijiji kizima. Magokoro alisimama, akageuka akawatazama wale wa safu ya nyuma mmoja mmoja, mwavuli mkononi, mpaka askari mwenyewe akashindwa kumwambia aketi.

Hakimu hakumfunga. Alibadilisha sharti, Denis akaenda kukaa kwa mjomba wake huko Suneka, ndugu wa marehemu mama yake, mwenye karakana ya kuchomelea milango na madirisha. Kule hakuna aliyemjua. Mkitaka kunisikiliza katika jambo moja, nisikilizeni katika hili: kabla hamjaandika "arudi nyumbani", ulizeni nyumbani ni wapi. Mama ana ndugu. Tumezoea kuhesabu ukoo wa baba peke yake halafu tunashangaa njia zimekwisha.

Alimaliza muda wake vizuri. Alijifunza kazi, akanenepa kidogo, mabega yakanyooka. Mimi nikastaafu. Lakini hofu haijui kustaafu. Nikiwa soko la Daraja Mbili nanunua ndizi, nikisikia ule mlio wa "mwizi!" na watu wanakimbia, naacha kikapu nakwenda kuangalia, mwanamke wa umri wangu, nasukuma watu kwa viwiko nione kama ni yeye. Hajawahi kuwa yeye. Kila mara alikuwa mtoto wa mtu mwingine, na mara mbili tatu nilipiga kelele mpaka wakamwachia.

Nyumbani kwao hakurudi. Alimtumia nyanya yake unga na dawa kwa mtu wa bodaboda, wakataniana kwa simu. Kisha Magokoro akafariki, usingizini, amechoka tu. Zablon alinipigia yeye mwenyewe. Nikamuuliza jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa pole. Niliuliza, "Denis atakuja?"

"Atakuja," akasema. "Ni nyanya yake."

Siku ya mazishi sikusikia mahubiri. Niliketi chini ya hema na macho yangu yalikuwa njiani. Kwetu ni wajukuu na vijana wa kijiji wanaochimba kaburi na kulijaza, na walikuwa wamekwisha chimba kabla Denis hajafika. Alifika kwa pikipiki, suti imembana, akaingia bomani wakati kwaya inaimba. Hakuja mbele. Alisimama kule nyuma kwenye migomba, mgongo kwenye shina, kama mtu aliyekwisha pima njia ya kukimbilia. Nilihesabu waliogeuka kumtazama nikachoka kuhesabu.

Jeneza likateremshwa. Mchungaji akamaliza. Zablon akatupa udongo wake, akafuata mwingine na mwingine, halafu vijana wakavua makoti wakaanza kujaza. Ndipo nilipomwona Ondieki. Alitoka katikati ya wanaume, amezeeka, na alikuwa ameshika kitu chenye mpini mrefu. Alikuwa anakwenda kwenye migomba. Hakuwa na haraka.

Niliinuka. Kiti kilianguka nyuma yangu. Nilitaka kumkimbilia Denis lakini watu walikuwa wengi kati yetu, na miguu hii si ya kukimbia tena. Denis alimwona. Hakuondoka. Aliubandua mgongo kwenye mgomba, akasimama wima, mikono chini. Zablon kule kaburini naye alikuwa ameona, nikamwona akianza kusukuma watu.

Ondieki alisimama mbele yake. Lilikuwa beleshi, lina udongo mbichi.

"Wewe mjukuu utasimama huku kama mgeni?" akamwambia, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. "Wenzako wamechoka. Shika."

Denis aliliangalia beleshi, akamwangalia mzee, akavua koti la suti. Hakujua pa kuliweka, Ondieki akalipokea akalitundika begani mwake. Kijana akatembea hadi kaburini na wale wengine wakajibana kidogo kumpa nafasi, na mmoja akamwambia aanze upande huu, ule mwingine una mawe.

Alijaza mpaka shati likalowa. Walipomwambia apokezane alikataa. Mimi nilikuwa nimeketi chini kwenye nyasi kwa kuwa sikukipata kiti, na mama mmoja alikuwa ananipepea kwa kitabu cha nyimbo akiniuliza kama marehemu alikuwa dada yangu.